Cornelius, Mwanademokrasia wa Muaither

Cornelius ni mlinzi wa jengo moja pale The Pearl, mtaa wa matajiri huku Uarabuni, na ukimsikiliza utadhani analinda Afrika nzima. Akitoka kazini, kabla hata hajavua viatu, anashika simu na kuturushia ujumbe wa sauti kuhusu kwao Uganda: jeshi lirudi kambini, wafalme wakapige ngoma zao, raia wapige kura. Ana sauti nzuri, bwana yule. Mimi ni nesi, Mkenya, nimelishwa ahadi za wanasiasa tangu utotoni, na bado nilimwamini kama mjinga.

Hapa Muaither, mtaa tunaoishi, tuna umoja wetu, Waganda na Wakenya, wengi wetu walinzi. Mwenyekiti wake ni Benard, kapteni mstaafu ambaye kila mtu humwita Afande. Amekalia kiti hicho tangu umoja uanze, wala hakuna anayekumbuka kumchagua. Balaa ni kwamba kazini huyo huyo ndiye msimamizi wa walinzi. Yeye ndiye anayeamua nani akae ndani kwenye kiyoyozi na nani asimame geti la nje akaangwe na jua. Mlinzi akionewa, analeta malalamiko kwenye umoja ili mwenyekiti ayafikishe ubalozini. Yaani anamshtaki Afande kwa Afande!

Pembeni yake hukaa Ronnie, mlezi wa umoja, anayesema ni mjukuu wa mfalme mmoja huko Uganda. Siku za kazi anabeba masanduku ya wageni hotelini. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, anageuka mwanamfalme, na watu wazima wenye akili zao wanampigia magoti.

Cornelius ndiye aliyenishawishi nigombee uenyekiti.

"Sista Pamela, wewe Afande hawezi kukugusa, mshahara wako unatoka hospitali. Simama tu. Walinzi wote tuko nyuma yako, wallahi!"

Nikasimama. Nilikitaka kiti kile kwa jambo moja, malalamiko ya walinzi yafike ubalozini bila kupita mikononi mwa anayelalamikiwa. Nililitaka jambo hilo kwelikweli.

Nikaomba kura ya siri. Afande akacheka.

"Siri ya nini, nyabo, mama yangu? Sisi ni familia. Kila mtu apange mstari nyuma ya mtu wake, kama nyumbani. Khalas, yameisha."

Nikamtazama Cornelius anisaidie. Alikuwa anachunguza kucha zake.

Ijumaa ya uchaguzi tulikutana kwenye ua wa nyumba moja. Kiti cha Ronnie kiliwekwa mahali ambapo ukipanga nyuma ya Afande unamtazama mwanamfalme usoni, na ukipanga nyuma yangu unampa mgongo. Kwa watu wa kwao hilo ni tusi kubwa. Afande naye alishika simu, akipiga picha za kumbukumbu, alivyosema.

Cornelius alikuwa wa kwanza kwenda kupanga mstari. Akaanza kuja kwangu, moyo ukaniruka kwa furaha. Halafu akaliona jicho la Ronnie, akaiona simu ya Afande, akakata kona. Alipiga magoti mbele ya mwanamfalme mpaka suruali ikashika vumbi, kisha akaenda kujibanza mgongoni kwa Afande. Walinzi wengine walikuwa wanamngoja yeye. Wakamfuata wote.

Wote isipokuwa Hadijah, mlinzi mwenzake, msichana asiyetuma ujumbe wa sauti hata siku moja. Alipiga magoti pia, akamsalimu Ronnie kwa adabu zote. Akainuka, akajipangusa, akampa mgongo, akaja kusimama nyuma yangu peke yake. Sikuweza kuzuia machozi.

"Demokrasia imesema!" Afande akatangaza, na Cornelius akapiga makofi.

Nilimkamata nje. "Cornelius, walinzi wote wako nyuma yangu, eh?"

"Sista, siasa ni hesabu. Wewe unafanya kazi ndani, hilo jua hulijui."

Ni kweli, silijui. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Lakini Hadijah analijua.

Jumapili zamu zikatoka. Hadijah alipangwa geti la nje, kama tulivyotarajia. Cornelius naye akapangwa geti hilo hilo. Afande ni mwanajeshi hata baada ya kustaafu. Aliwaambia watu wake kwamba aliyemgeuka Pamela mchana kweupe atamgeuka na yeye.

Wiki haikuisha, Cornelius akanijia mlangoni, midomo imepasuka kwa joto.

"Sista Pamela, huu ni udikteta! Tunaonewa, na wewe umenyamaza tu? Lazima mtu apeleke haya mambo ubalozini!"

Nilimkaribisha, nikampa maji baridi, akanywa yote. Kisha nikamwambia malalamiko ya walinzi yanapelekwa kwa mwenyekiti.