Mgonjwa Aliyewapikia Wageni Chai

Kuna wakati nilizunguka mitaa ya Nakuru alfajiri nimebeba mtungi wa maziwa usio na tone la maziwa. Wacha nijicheke kwanza, halafu nieleze.

Mimi nina duka la chakula cha mifugo. Kazi yenyewe ni kukaa. Mteja akija nasimama, napima, nafunga, nakaa tena. Nikakaa miaka, na mwili nao ukaendelea na shughuli zake bila kuniuliza. Wapagazi wa sokoni wakanibatiza Lumbesa, jina la lile gunia la viazi linalojazwa mpaka linashonewa kofia ya wavu juu. Waliniita hivyo kwa upendo, na mimi niliitika nikicheka. Lakini nikifika nyumbani nilisimama mbele ya kioo nikijiuliza wavu unaanzia wapi.

Aliyefurahi kabisa ni mama. Mama anaishi Mau Narok, anapolima viazi, na kila nilipomtembelea alinishika bega langoni akanizungusha polepole, mzunguko mzima, majirani wakitazama. “Mnaona? Nakuru imemkubali,” anawaambia. Kwake ule haukuwa unene, ilikuwa habari njema.

Na alikuwa na sababu. Dada yangu mkubwa alikuwa mpishi katika hoteli moja ndogo kule Salgaa, malori yanakolala. Huko akaanza kukonda. Alirudi nyumbani amevaa sweta juu ya sweta ili tusione, na sote tukaona. Ugonjwa wake haukutajwa kwetu, ilisemwa tu ni kifua, na miaka ile dawa zilikuwa hazijafikia watu kama sisi. Shamba letu liko bondeni, chini ya nyumba, na njia ya kupandia kutoka huko ni mwinuko mkali. Siku moja dada alitaka kuona viazi vikiwa na maua. Kushuka akashuka mwenyewe. Kupanda kukamshinda, na mama akambeba mgongoni, mtu mzima na akili zake, mpaka juu. Haikuchukua muda tukamzika. Tangu hapo, mtu wa mama akikonda, mama anasikia kitu kimoja tu.

Sasa mwaka juzi, msimu wa kupanda, mimi mwenyewe nikashindwa na mwinuko ule ule. Nilifika katikati moyo ukinigonga mpaka masikioni, nikakaa kwenye nyasi. Mama alinisubiri akitabasamu, akidhani ni raha za mjini. Mimi sikutabasamu. Niliogopa, tena sana. Daktari anayenipima presha alishaniambia, “Mama, huu mwili utakupeleka mbio,” na nilitoka kwake nimenuna kwa jinsi alivyosema. Pale kwenye nyasi nilianza kumwamini.

Nina tabia moja: kitu kikinishangaza, sikiachi. Hapo nikaanza kujiuliza maswali. Hivi mwili ukipungua, ule uliopungua huenda wapi? Moyo unafundishika, ama mtu huzaliwa nao ulivyo? Kwa nini nikipanda ngazi za benki goti la kulia linalalamika na la kushoto linanyamaza?

Jim, ule ukumbi wa mazoezi, nilichungulia mara moja. Vioo kila ukuta, na ndani wasichana wembamba kama ufagio. Hawa wamekuja kupunguza nini? Nikarudi zangu.

Ikabaki kutembea. Lakini mtaani kwetu mtu hatembei bure. Siku ya kwanza, kabla sijafika kona, mtu wa pikipiki ya boda akanisimamia. “Mathe, twende?” Ndivyo mjini wanavyowaita akina mama.

“Hapana, asante.”

“Kwani unaenda wapi?”

“Huko mbele.”

“Mbele wapi?”

Ebu niambie, ungejibu nini? Mbele zaidi jirani yangu akatoka mbio na leso kichwani akiuliza nani amekufa, maana hakuwahi kuniona barabarani saa hizo. Kesho yake nikabeba mtungi. Mwenye mtungi anafuata maziwa, na hakuna anayemuuliza zaidi.

Nilidhani nimecheza akili. Jirani yule yule akaja na kachupa kake. “Niwekee lita moja kila asubuhi.” Nikasema ng’ombe amekauka. Akauliza ng’ombe mwenyewe yuko wapi, nikasema Njoro, kwa shangazi. Basi kila nikipita ananiulizia ng’ombe. Akafika mpaka dukani kwangu kuuliza namlisha nini ng’ombe huyo asiyetoa maziwa, wakati chakula ninacho mpaka darini! Wateja wakasikia. Nusu ya asubuhi ile niliuza na nusu nikatetea ng’ombe asiyekuwepo.

Aliyenitoa kwenye uongo huo ni msichana mmoja wa wale wanaokimbia mazoezi kuelekea mlima Menengai. Walizoea kunipita kama upepo. Siku moja akapunguza mwendo, akawa sambamba nami.

“Sasa mathe. Hiyo mtungi iko na kitu?”

“Haina.”

“Si basi uweke maji? Mikono nayo ifanye kazi.”

Akaenda zake. Hakucheka! Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Nilikuwa nimejificha kutoka kwa watu ambao hawakuwa na habari na mimi. Nikaweka maji, na jirani nikamwambia ukweli kwamba ng’ombe hayupo, hakuwahi kuwepo, ni mazoezi. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa wakati ule.

Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa tamu. Mwanzo uliuma. Lakini nilikutana na sehemu zangu ambazo hatukuwa tumejuana. Nina misuli nyuma ya paja, kumbe! Nina jasho la shingoni ambalo ni tofauti na jasho la jua. Pumzi nilizipima kwa wimbo wa kanisani, ule mama aliotufundisha tukiwa wadogo tukipalilia. Mara ya kwanza, kwenye kilima kidogo cha kurudi nyumbani, sikumaliza hata mstari. Polepole nikafika kiitikio. Soda ya saa nne na mandazi yake niliziacha, chapati za jioni nikazipunguza kwa manung’uniko makubwa. Mimi na chapati tulikuwa tumetoka mbali.

Nikifunga duka nilipanda kwenye mizani ya magunia kuangalia. Jioni moja nilisahau kuteremsha mlango, mteja akanikuta juu yake. “Mathe,” akasema, “wewe unauzwa kwa kilo ama kwa gunia?” Nikamfukuza na mfuko wa pumba mkononi, huku nacheka mpaka nikashika ukuta.

Kisha nguo zikaanza kulegea, na hapo ndipo watu wakabadilika. “Umekonda!” wanasema wakishusha sauti. “Lakini uko sawa?” Mama mmoja alinibana mkono akaniambia Mungu yuko. Haki Mungu yuko, lakini na mimi niko! Hata wapagazi waliacha kuniita Lumbesa, wakaanza kuniita “mama” kwa heshima ya matanga. Nikawa nawachunguza wanavyonitazama. Walikuwa wanaona nini ambacho mimi sikioni? Nilipanda ngazi za benki bila kushika chuma, na wao wananitafutia jeneza.

Habari zilifika Mau Narok kabla yangu. Mama akapiga simu, hakusalimia.

“Unakula?”

“Nakula, mama.”

“Unakula na kinakaa tumboni?”

“Kinakaa.”

“Njoo nyumbani,” akasema.

Nilimkuta langoni. Hakunizungusha. Alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole kuona kama vinakutana, vile nilivyomwona akimshika dada.

“Mama, ni mazoezi. Natembea tu.”

“Unatembea ukienda wapi?”

“Siendi mahali. Natembea, narudi. Daktari alisema.”

“Hata dada yako alisema ni kazi nyingi,” akasema mama, akaingia jikoni.

Kabla sijavua viatu, wanawake wa kanisa wakaingia na unga, sukari na majani ya chai, kama tunavyokwenda kwa mtu aliyelala mgonjwa. Wengine ni wageni kijijini, hawanijui, na wanaonijua walizoea yule mnene. “Tumekuja kuona mgonjwa,” akasema aliyetangulia. “Ako wapi?”

Mama alikuwa jikoni, hakutoka. Nikawakaribisha, nikawapa viti, nikaingia jikoni nikakoka moto, nikachemsha chai kwa majani na sukari waliyoleta. Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso. Nikawamiminia mmoja mmoja. Walikunywa wakitupia macho mlango wa chumba cha kulala. Wakaomba kwa ajili ya aliyelala humo, apewe nguvu za kuinuka hata anywe uji.

“Sasa tunaweza kumwona kidogo?” akauliza yule wa mbele.

“Mnamwona,” nikasema. “Ndiye amewapikia chai.”

Wakatazamana. Mmoja akaangua kicheko, halafu akakimeza, maana mama alikuwa amesimama mlangoni na uso wake haukuwa wa kucheka. Basi wakaamua kuomba upya, safari hii wakiniwekea mikono kichwani. Nikaitikia amina. Kichwa ni changu, maombi siwezi kuyakataa.

Walipotoka, mama alikaa kwenye kiti cha mmoja wao akalia. Mama yangu si mtu wa kulia. Alilia wazi, bila kujifunika na leso.

“Mimi sitabeba mwingine,” akasema. “Unasikia? Huu mgongo hauwezi tena.”

Nilisikia uchungu, na juu ya uchungu hasira ikanipanda, si kwake, kwa jambo zima. Ningeeleza presha, ningeeleza mtungi na pumzi, na kila neno lingegonga sweta za dada na kuanguka. Nilikuwa na hiari ya kurudi kwa soda na mandazi nimpe mama usingizi wake. Nakiri nililifikiria hilo. Kisha nikamwambia, “Inuka twende shamba.”

“Kufanya nini?”

“Kuona viazi.”

Aliniangalia sana. Lakini akavaa gambuti zake, viatu vyake vya mpira vya shamba, tukashuka. Viazi vilikuwa na maua, meupe na ya zambarau, shamba zima. Mama akasimama katikati ya mistari, akagusa ua moja kwa ncha ya kidole. Tulipofika chini ya mwinuko nikampa mgongo, nikachuchumaa.

“Panda.”

“Una wazimu wewe?”

“Panda, mama.”

“Watu watatuona!”

“Si wameshanizika? Wacha waone.”

Akaguna. Kisha akavua gambuti asinichafue, akazishika mkononi, akanikumbatia shingo. Nikasimama. Hata wakati ule, amini usiamini, nilikuwa na hamu ya kujua kama goti la kulia litalalamika. Lililalamika. Nikaliambia lingoje.

Njia ilikuwa na utelezi kidogo. Gambuti zilinigonga kifuani kila hatua. Nikaanza ule wimbo, si kwa uzuri, nakuambia, ulitoka vipande vipande. Mama alilaza sikio mgongoni kwangu, juu kidogo ya mbavu, na nikajua anasikiliza kifua. Basi nikaimba kwa nguvu zaidi ili apate cha kusikia. Pale kwenye nyasi nilipokaa mwaka juzi, miguu ilianza kutetemeka.

“Nishushe,” akasema.

“Bado.”

“Nishushe, nitatembea.”

“Mama, ngoja nivute pumzi.”

Nikasimama, nikavuta pumzi, zikaja. Zilikuja zote nilizoziita. Nikaendelea, na kwenye kiitikio nikasikia sauti nyingine nyuma ya sikio langu, nyembamba, ikishika sauti ya pili kama zamani tukipalilia.

Tulipotokea juu, wale wanawake walikuwa bado barabarani wanaongea, kama kawaida yetu ya kuagana bila kuondoka. Yule aliyemeza kicheko chake akakitoa sasa. “Jamani, mgonjwa hapa ni nani?”

Mama hakushuka mara moja. Aliniambia sikioni, wao wasisikie, “Dada yako hakuwa na uzito wowote. Siku ile nilibeba sweta tu.”

Nilimshusha taratibu. Alivaa gambuti zake akijishikilia kwangu, akainama akaniminya misuli ya mguu kwa vidole vigumu vya mkulima mpaka nikapiga kelele. Halafu akainuka, akanishika bega, na mbele ya wale wanawake akanizungusha, polepole, mzunguko mzima.