Kanzu Iliyopimwa Pamoja na Mashine

Jamani, chekeni lakini polepole, maana huyu mnayemwona havai kanzu hata siku ya Idi ndiye aliyevuliwa nguo na mashine mbele ya mama mkwe wake, nusu ya mji wa Kasongo ikitazama.

Ilikuwa enzi ya Wabelgiji, na mwendesha mashine ya kwanza ya petroli (sisi tuliita esansi) ya kukoboa mpunga nilikuwa mimi, si mwingine. Siku hiyo Mzungu wa mashine alitaka kuipima nguvu: kamba inazungushwa kwenye gurudumu, ncha moja inaning'inizwa jiwe, ncha ya pili naivuta mimi kwa mizani ya ndoana, mshale wa mizani usicheze, mpaka chupa moja ya esansi iishe. Gurudumu likisimama mapema, mashine inarudishwa kwa meli, akina mama wanarudi kwenye vinu, na mimi narudi kubeba mizigo ya watu kichwani hadi Kabambare.

Sasa asubuhi nikafua kaputula yangu ya pekee, kwa kuwa ilinuka mafuta na mama mkwe angeleta mpunga wake, kaputula isikauke, nikavaa kanzu ya harusi (chini yake upepo mtupu).

Tukaanza. Kamba ikatoa moshi, ikamwagiwa maji, maji yakalowesha kanzu, pindo likanata kwenye kamba, gurudumu likalidaka, na kabla sijasema bismillahi nimebaki na kola na kofia.

"Achilia kamba!" Mzungu akapiga kelele.

"Hapana, Bwana! Chupa haiyaisha!"

Ningeachilia vipi? Kipimo kingeharibika, na esansi nyingine ni mpaka meli ije. Watu wakalia kwa kicheko. Mama mkwe, ambaye kwa desturi yetu hata macho hatukutazamana naye, akafungua kikwembe, kitenge chake cha juu, akanipa mgongo, akaja kinyumenyume amekinyoosha nyuma.

"Mukwe, kamata! Mimi sioni kitu!"

Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Mkwe hamfokei mama mkwe, lakini nilifoka: "Mama, simama! Gurudumu iko nyuma yako!"

Akasimama, akakirusha juu ya bega, kikatua kichwani kwangu, mahali pekee palipokuwa pamefunikwa tayari.

Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Chupa ilikuwa tupu, na mshale palepale. Mzungu akavua kofia yake, akasema, "Mashine inabaki." Wallahi, niliona fahari, uchi hivyohivyo.

Nilimpelekea mama mkwe mbuzi kuosha aibu, na nimeapa kanzu na gurudumu havitakutana tena. Lakini mama mkwe, mpaka leo, akileta mpunga anasimama mlangoni amenipa mgongo, anauliza watu wote wasikie:

"Mukwe, chupa iliisha? Nigeuke?"

"Iliisha, mama," nasema. "Na sikuachilia."