Barua Mbili Kuhusu Heroe wa Fedha

Nilifanya kazi ya masijala katika halmashauri moja ya London mpaka nikastaafu, na sikumbuki faili hata moja lililopotea mikononi mwangu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu habari hii inahusu kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Tangu nistaafu nakusanya sarafu za fedha za Bahama, visiwa vya Karibi, zile ambazo wakusanyaji huziita prufu. Hazikutengenezwa ziende sokoni. Muhuri wa kugongea hung'arishwa kwanza, kisha sarafu hugongwa zaidi ya mara moja, mpaka uwanda wake uwe kioo na picha iliyoinuka iwe nyeupe kama barafu ya asubuhi juu ya vioo vya magari. Wazee wenzangu wa Unguja, ninaokutana nao katika mkahawa wa Edgware Road, hunicheka kwamba naweka dola zisizonunua hata kikombe cha chai. Huwajibu kwamba nchi ndogo iliyoamua kuwaweka kome wake, samaki wake na ndege wake juu ya madini safi, kwa ustadi huu, inastahili heshima kuliko wanavyoipa. Nami nimezaliwa kisiwani. Najua tunavyosahauliwa.

Iliyo bora kwangu ni ya dola mbili: heroe wawili, wale ndege wa miguu mirefu, kila unyoya umechorwa. Niliinunua kwa muuzaji mmoja wa Hounslow, mzee aliyezaliwa huko huko Bahama, nikaandika katika daftari: "Haina doa." Nikaiweka, ndani ya kisanduku chake, katika kabati la mke wangu, chini ya kanga zake, kwa kuwa hapana mahali pakavu zaidi nyumbani.

Miezi michache baadaye nilikuta ukingo wake umeingia manjano, na karibu na miguu ya heroe rangi ya samawati. Niliona nimedhulumiwa. Siku ile ile nilimwandikia muuzaji kwamba ameniuzia sarafu iliyotunzwa vibaya, naye akijua, na kwamba mtu wa nchi ile, kuliko wengine wote, alipaswa kuona haya.

Hakujibu kwa hasira, aliniomba niilete. Dukani aliishika kwa ukingo, amevaa glavu nyeupe, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha akakinusa kisanduku. Akaniuliza kwa upole nyumbani tunachoma nini. Nilimwambia hatuchomi chochote, nikaondoka nimeudhika.

Jioni nilimsimulia mke wangu, nikitaraji aniunge mkono.

"Bwana, nguo zangu zinanukia nini?" akauliza.

"Udi."

"Na udi naufukiza wapi kila Ijumaa?"

Niligeuka kulitazama kabati.

"Chetezo kinaingia humo humo kabatini, na mlango naufunga. Hao ndege wako wamefukizwa kama maharusi, nawe umekwenda kumshitaki mtu wa watu."

Nimeishi na harufu ile muda mrefu hata pua yangu imeacha kuiandikisha. Lakini jina la mtu mwaminifu lilikuwa limechafuliwa kwa maandishi, na mwandishi ni mimi. Nikaandika barua ya pili: kwamba shutuma ile haikuwa ya kweli, kwamba chanzo ni udi wa nyumbani kwangu, na kwamba kauli yangu ya kutochoma chochote nayo ilikuwa ya uongo. Nikaipeleka Hounslow kwa mkono wangu.

Aliisoma, akacheka kidogo. Akasema wapo wanaoipenda rangi ile, na akanionya nisithubutu kuisugua sarafu, kwani kioo chake kikikwaruzwa hakirudi tena. Kisha akaitoa barua yangu ya kwanza kwenye mtoto wa meza, akataka kuichana.

Nilimzuia. "Faili lililonyofolewa barua si faili tena," nikamwambia. "Ziweke zote mbili. Ya kwanza chini, ya pili juu."

Alinitazama, akaziweka pamoja, akazigonga mezani mpaka kingo zikalingana, ndipo akazitoboa matundu ya kuzifunga failini.