Aliyemalizia Filamu

Mwenye ukumbi wa video ana sauti ya kukwaruza na vidole visivyotulia. Vinapiga ngoma pajani hata akila sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wakati wa vita, mji wa Kindu ulipokosa kaseti mpya, alibaki na filamu moja ya disko, na mashine ikatafuna mkanda pale pale kijana wa viatu vya kung'aa anapoanza kucheza. Basi kila picha ilipokatika, alisimama mbele ya televisheni, akapandisha suruali, akamalizia mwenyewe: kiuno, mzunguko wa hatari, kisha mkono mgongoni, maana mgongo ulimkaza. Risasi zililia ng'ambo ya mto Lualaba, na Albertine, mshonaji wa jirani, alicheka mpaka machozi.

Juzi Albertine huyo huyo akamletea filamu ile ile, nzima, kwenye simu. Wakaiunganisha na televisheni. Ukumbi ukajaa. Kijana akacheza vizuri ajabu, wala hakushika mgongo. Vidole vya mwenye ukumbi vikatulia pajani. Albertine aliviona, akakunja uso.

"Papa, huyu muntu iko nafanya nini? Anataka kukuiga, na hajue!"

"Zima!" ukumbi mzima ukadakia.

Mwenye ukumbi akazima. Akainuka, akapandisha suruali, na mkono ukaenda mgongoni kabla hata hajaanza.