Joto la Bure la Mukaddes

Mimi Saadet ndiye niliyekuwa nampasha Mukaddes joto, na hapo simsengenyi, maana mwenyewe anajisifia. Mimi nakaa ghorofa ya pili, yeye ya tatu. Baridi ya hapa mjini kwetu Sivas si mchezo, kwa hiyo Oktoba ikiingia tu nawasha boila yangu ya gesi, joto linapanda darini, na bibie huko juu anavua soksi. Boila yake ilitundikwa ukutani jikoni, miaka sita haijawashwa, kaifunika kitambaa alichokidarizi.

"Gesi niilipie ya nini na wewe upo?" huniambia, tena mbele za watu.

Ila ni hodari, sifa yake siwezi kumnyima. Alifiwa na mume bado kijana, akashonea mapazia nusu ya mji huu, akamsomesha binti yake Nilgün mpaka akawa mfamasia. Lakini ubishi! Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka bila mwavuli ili akuumbue.

Basi mwaka huu Nilgün akajifungua mtoto wa kike huko Ankara, akasema arobaini atakuja kuimalizia kwa mama yake. Sharti lake lilikuwa moja: nyumba iwe na joto, na boila ifanyiwe sevisi na fundi kabla ya kuwashwa. La sivyo, anabaki kwa mama mkwe. Hilo la mama mkwe lilimchoma Mukaddes kuliko baridi yoyote. Akateremka kwangu mbio.

"Shoga, ongeza moto kidogo, mjukuu anakuja."

"Nani, mimi? Mimi Ijumaa naenda İzmir kwa mwanangu. Gesi nafunga."

Akanitazama kana kwamba nimemwibia. "Sasa mimi nifanyeje?"

"Si uwashe yako! Au umesahau kama unayo?"

Nikapanda naye. Hatujafika jikoni, simu ikalia. Nilgün.

"Mama, fundi amekuja?"

"Kaja zamani, mwanangu. Kaisafisha mpaka inang'aa!"

Wallahi nilitamani kumzaba kofi. Akakata simu, akavuta kile kitambaa, kidole tayari kwenye kitufe.

"Mukaddes, toa mkono!"

"Kwani kuna nini? Miaka sita haijatumika. Kitu kisichotumika kitachafukaje? Hii ni mpya kabisa."

"Bonyeza, na mimi nampigia Nilgün sasa hivi nimwambie mama yake mwongo."

"Wee, thubutu!" Akashusha mkono, lakini kidevu bado kiko juu. "Haya, mwite huyo fundi wako. Akisema ni nzima, utanipikia mantı, zile sambusa za kuchemsha za nyama, ndogo ndogo, uzifinye moja moja kwa mkono wako."

"Na akisema ni mbovu?"

"Hatasema."

Fundi Rüstem akaja kesho yake na utani wake mdomoni. Mukaddes alisimama mlangoni kakunja mikono, anasubiri kunicheka. Rüstem akafungua kifuniko, akamulika na tochi, utani ukakatika. Akachomoa lile bomba la kutolea moshi nje. Zikamwagika sakafuni nyasi kavu, manyoya, na njiwa aliyekauka mpaka kawa mwepesi kama karatasi.

"Dada," akamwambia Mukaddes, "ungeiwasha hii, moshi wake ungekosa pa kutokea, ungerudi humu ndani. Na sumu yake haina harufu, huioni. Mtu analala tu, basi."

"Na mtoto mchanga?" Mukaddes akauliza.

Rüstem aliendelea kukung'uta bomba.

Mukaddes alikaa chini pale pale jikoni. Niliyokuwa nimeyapanga kumwambia yote yakanitoka kichwani. Nikakaa sakafuni kando yake, nikamshika mkono, nao ulikuwa wa baridi. Rüstem akasafisha, akafunga wavu kwenye mdomo wa bomba, akaijaribu mara kadhaa ndipo akaiacha iwake.

İzmir nikaiahirisha. Jumamosi Nilgün akaingia na mtoto, akapewa sharubati nyekundu ya wazazi, ya mdalasini na karafuu, akagusa chuma cha joto ukutani.

"Hongera, mama! Kumbe siku hizi unasikia."

Nikasema moyoni, haya, sasa yaje yale majisifu yake. Mukaddes akaweka jagi mezani.

"Nilikudanganya. Siku ile ulipopiga simu, fundi hakuwa amekuja. Nilikuwa na kidole kwenye kitufe, Saadet ndiye aliyenizuia." Akamweleza kila kitu, mpaka njiwa. Macho hakuyainamisha. "Ningewaua, wewe na mwanao. Ukitaka kwenda kwa mama mkwe wako, mizigo nitakufungia mwenyewe."

Nilgün alisimama, mtoto kambana kifuani. Mimi nikajua hapa tumekwisha. Kisha akamvua mtoto kofia. Akamvua na soksi. Akamweka mikononi mwa bibi yake.

"Mshike vizuri," akasema. "Mimi naenda kuoga."