Rupia Zilizotoka Nyekundu

Mpishi mmoja wa kambi ya Wazungu wa karanga, Nachingwea, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kung'arisha fedha bila kuichubua. Alichukua sufuria ya alumini, akaweka maji ya moto, magadi na chumvi, kisha akatumbukiza vijiko vya bwana wake vilivyokuwa vyeusi kama vimechomwa. Ilitoka harufu ya yai viza. Muda si mrefu vijiko vikawa vyeupe. Nilimuuliza ule weusi umekwenda wapi. Akasema hajui, na kwamba kambi nzima hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza.

Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Shule niliiacha mapema; mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nilichoka na kiboko chake. Baada ya hapo nikawa mtu wa njia. Mara nang'oa visiki Nachingwea, mara nabeba magunia ya ufuta Mandawa, mara sijulikani nilipo. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa marehemu mama, aliniita upepo. "Upepo umerudi," alisema kila nilipokanyaga uwanja wake pale Nkowe. "Fungeni milango." Watu walicheka, nami nilicheka nao. Leo nikikumbuka kicheko changu mwenyewe nakasirika zaidi kuliko nikikumbuka chake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yameshashindwa, matrekta mengi yamelala majanini, na mimi nilirudi nyumbani kwa sababu binti wa dada yangu alikuwa ndani, unyagoni, na siku ya kumtoa ilikuwa imekaribia. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mimi na mama wa mwali tulikuwa tumbo moja. Kwa hiyo mimi ndiye mjomba wake, na mjomba ndiye humvisha mwali mkufu wa ukoo mbele ya watu wote. Sikuwa na shamba, sikuwa na mke, sikuwa na nyumba. Nilikuwa na hilo tu, na nililitaka.

Mkufu wenyewe ulikuwa wa rupia za Mjerumani. Bibi yetu alizikusanya enzi zile, akazipeleka kwa mhunzi zikatobolewa, akazitunga kwenye uzi wa katani. Kila msichana wa tumbo lake alitoka nazo. Akishatoka, mkufu ulirudi kwa mwanamume mkubwa wa ukoo, yaani huyo mjomba wetu, akautunza ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Na desturi ilikuwa kwamba hauoshwi. Mwali anapotoka hupakwa mafuta ya nyonyo mwili mzima, na mkufu hupakwa pamoja naye. Mafuta yakashika moshi, moshi ukapata mafuta mapya, miaka nenda miaka rudi. Nilipozaliwa mimi rupia zile zilikuwa vidonge vya lami. Sura haionekani, maandishi hayaonekani.

Dada yangu alizichukia. Siku yake alizivaa yeye, na shingo ilibaki na doa kama la kitanzi.

"Mwanangu hatavaa masizi," aliniambia. "Wenzake wa Nachingwea wanatoka na shanga za dukani zinazowaka. Wewe si unajua kila kitu? Zisafishe."

"Mjomba amekubali?"

"Mjomba yuko Chunyu, msibani. Mkewe amenipa kibuyu. Na wewe tangu lini ukaomba ruhusa?"

Tulianza asubuhi, uani kwake, mbele ya kila apitaye. Kwanza niliziloweka rupia kwenye maji ya moto yenye majivu ili kulainisha lami, kisha nikazikwangua moja moja kwa kijiti cha mwanzi. Kazi hiyo ilitaka uvumilivu, na mimi uvumilivu sina, lakini nilikuwa na hamu ya kuona kilichomo. Jirani yetu, mama wa Kimakonde aliyehamia na mumewe kutoka ng'ambo ya Ruvuma, alisimama na mtungi wake kichwani akanitazama.

"Shemeji, sasa nimejua kwa nini huoi. Kazi zote unazifanya mwenyewe."

"Niletee ndimu badala ya maneno."

"Ndimu ninazo. Lakini zinakuja na maneno."

Alizileta kweli, na maneno aliyaleta. Kungwi wa mwali naye alikuja akaketi, akasema mikono yangu laini kama ya mzazi aliyejifungua juzi. Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Maji yalipochemka nilitia magadi na chumvi kwenye sufuria yake ya alumini, nikatumbukiza rupia za kwanza. Harufu ya yai viza ikapanda, watoto wakakimbia wakishika pua. Nilipozitoa na kuzifuta kwa kitambaa, zilikuwa nyeupe. Mfalme wa Kijerumani alikuwa pale, masharubu yamesimama, kichwani ana kofia ya chuma na juu ya kofia ametua ndege aliyekunjua mbawa.

Dada alichukua moja akaigeuzageuza kiganjani. Bibi alikuwa akitusimulia habari za mtu mwenye ndege kichwani, nasi tulidhani ni hadithi ya kutulaza.

"Kumbe," alisema.

Nikatia fungu la pili. Nikangoja. Hakukuwa na harufu, wala hazikuwa nyeupe. Niliongeza magadi. Mwishowe nilizitoa nikazisugua kwa ndimu na majivu laini, nazo zikaanza kubadilika mikononi mwangu, kahawia, kisha nyekundu. Shaba. Hazikuwa na mfalme wala ndege. Zilikuwa vibati tu vilivyopondwa kwa nyundo, vikakatwa duara, vikatobolewa, vikapakwa masizi. Nikajaribu fungu la tatu, na humo nyeupe zilikuwa za kutafuta. Tulipomaliza, nyekundu zilizishinda nyeupe kwa wingi.

Niliijua shaba ile. Nilikuwa nimefanya kazi karakana ya matrekta Nachingwea, na mabomba ya shaba ya mashine zilizokufa yalikuwa yakitoka kwa mlango wa nyuma kila kukicha. Mtu yeyote aliweza kununua kipande.

Kungwi aliinuka akasema amesahau moto jikoni. Dada alifunika sufuria.

"Zirudishe kwenye masizi," alisema polepole.

"Masizi yametoka, dada. Hayarudi."

Mjomba alifika jioni ile, baiskeli ikiwa na vumbi la Chunyu. Nilidhani ataona haya. Nilikuwa kijana, nilidhani mtu akionyeshwa kitu wazi mbele ya macho yake huinamisha kichwa. Tulimpa kiti, tukamwekea rupia juu ya ungo, nyeupe upande huu na nyekundu upande huu. Watu walikuwa wameshajaa uani; kungwi hakuwa na moto wowote jikoni. Mjomba alichukua kibati kimoja chekundu, akakipindua, akaniita kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kunipa tangu nizaliwe.

"Mpwa wangu. Ulikuwa ukifanya kazi wapi?"

"Unajua, mjomba. Nachingwea."

"Kazi gani?"

"Karakana."

"Na shaba kama hii hupatikana wapi?"

Nyuso zote zilikuwa zimenigeukia.

"Upepo umepita ndani ya kibuyu," alisema, akakirudisha kibati kwenye ungo.

Dada alisimama. "Mjomba, kaka yangu amezisafisha mbele yangu. Hakuinuka hata kwenda haja."

"Wewe ni dada yake, utasema nini? Si mliambiwa haziguswi maji? Nilijua mimi kwa nini."

Hilo ndilo neno pekee la kweli alilolisema siku ile, na hakuna aliyelisikia. Au walilisikia. Maana kila aliyekuwepo pale alikuwa ameziona bangili za fedha za mke wake mdogo wa Mandawa, nzito, mpya, mkono huu na mkono huu, na walikuwa wamezisifia. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Mtu wa njia akishtakiwa, kesi imekwisha kabla ya kuanza. Akishtakiwa mwenye kiti na kofia, husubiriwa kwanza amalize kunywa maji.

Wazee wa ukoo walikaa. Hawakusema nimeiba, maana wangesema hivyo ningewataka wanithibitishie. Walisema yaishe. Mjomba alikuwa ametamka kwamba hatakanyaga uwanjani mpaka nimwombe radhi, na mwali hatolewi bila mkubwa wa ukoo. Msichana wa watu angebaki ndani, wenzake watoke, na lawama iwe yangu. Tena, walisema, mkufu ataufunga mzee mwenyewe, kwa kuwa mimi nimeuletea mkosi. Yaishe, mwanetu. Neno hilo nimelisikia mahali pengi tangu hapo, na kila mara ni yule aliyedhulumiwa anayeambiwa alimeze.

Dada hakunisihi. Alikuja akaketi karibu nami, akasema, "Anauliza kila siku kama utamvika wewe."

Nikaenda. Nilipiga magoti uani kwa mjomba mbele ya wazee, nikamshika miguu, nikasema nimekosa. Aliniwekea mkono kichwani. Ulikuwa mzito na mkavu, nikatamani kuung'ata.

"Nimesamehe," alisema. "Ni damu yangu."

Siku ya kutoka ngoma zililia tangu alfajiri. Wanawali walitolewa wamefunikwa kanga mpya, wakafunuliwa mmoja mmoja, waking'aa mafuta. Alipofika wa kwetu, dada alimpelekea mjomba mkufu ndani ya kitambaa cheupe, kwa mikono miwili, akiwa amechutama kama adabu inavyotaka. Mjomba alifunua kitambaa mbele ya watu.

Zilikuwamo nyeupe peke yake. Dada alikuwa amezitunga usiku bila kumwambia mtu, hata mimi, na uzi ameukata palepale rupia zilipoishia.

Mjomba alimtazama. Dada alikuwa akimtazama mwanawe. Mjomba akaupitisha mkufu shingoni kwa mwali, akavuta ncha zikutane nyuma. Hazikukutana. Akavuta tena, msichana akainua kidevu. Uwanjani pale palikuwa na wanawake wengi waliotoka na mkufu ule, na wao uliwafika kifuani.

"Umekuwaje mfupi?" mmoja aliuliza, kwa sauti ya kutosha.

"Vuta, mjomba," dada alisema. "Bibi aliutunga mrefu."

Mwali akishavikwa huzungushwa uwanja mzima, na ngoma haingoji. Kungwi alimshika mkono wakaanza kwenda. Mjomba angeachia, rupia zingeanguka mchangani. Kwa hiyo alifuata nyuma, ameshika ncha za uzi kwa vidole, huku na huku, kanzu inamkwaza, akipiga hatua fupifupi ili asimnyonge mtoto. Watu waliwapisha njia. Yule jirani wa Kimakonde alimwita walipopita kwake: "Mzee, nikuletee kamba?" Wanawake wakaangua kicheko, na kikawafuata mbele.

Alipofika nilipokuwa nimesimama alipunguza mwendo. Alininong'oneza nishike ncha moja, hapa tu mpaka mlangoni. Nilirudisha mikono nyuma, nikamtazama mwali akipita, rupia zinawaka kooni kwake, na mzee akamfuata.