Radhi ya Bi Mwanarusi

Mwaka wa pili wa uhuru, Chande wa Shimoni alimwendea mamake kuomba radhi. Alitaka kwenda ng'ambo kusomea uchumi wa bahari, na bila radhi asingepanda ndege.

Bi Mwanarusi alikuwa jikoni akimponda pweza alainike. "Kuchuma baharini? Si nilikufundisha mwenyewe?"

"Nataka kujua tuchume vipi, mama, pweza wasituishie."

Mama akaacha kuponda. Mwambani walikuwa wameanza kuadimika. "Basi nenda, radhi unayo. Lakini ukishajua, uje unambie mimi kwanza."

Na kila utafiti Profesa Chande alimsomea mamake jikoni mle kwanza. Leo kastaafu. Ukimuuliza habari za chuo kikuu, atakusimulia sauti ya mamake ikimkatiza: "Rudia hapo, baba, pananipendeza."